Kufundisha programu za kompyuta bila mwajiri: niliyoyaona Kisumu na Port Victoria

Kila mwezi napata ujumbe wa vijana wawili watatu, wengi wao wa Mombasa na Kilifi, wakiniuliza swali lile lile: "Ami, hii kazi yako ya kufundisha watu kompyuta inaingiwa vipi, na inalipa?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Basi leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tuanze na jina. Mkufunzi wa kujitegemea ni mtu anayefundisha matumizi ya programu fulani kwa malipo ya siku au ya kazi nzima, bila kuajiriwa na kampuni iliyoitengeneza programu wala na shirika lililoinunua. Si mwalimu wa chuo, maana hana darasa lake wala muhula. Si fundi pia, ingawa kila anapokwenda ataletewa printa mbovu na simu iliyosahauliwa nywila. Leo yuko kwenye ofisi ya kaunti anafundisha Excel, wiki ijayo yuko chini ya mwembe anafundisha wakusanyaji wa takwimu kujaza fomu kwenye simu. Mwezi wa tatu yuko nyumbani anasubiri simu ilie, na hii sehemu ya tatu ndiyo vijana hawaniulizi.

Mimi nina diploma ya teknolojia ya habari, sina digrii. Nilikwenda Kisumu kwa kazi ya wiki mbili kwa sababu shirika moja lilitafuta mtu wa kufundisha kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nikakaa miaka sita, nikirudi nyumbani kwa Idi na kwa misiba. Sasa nimerudi Pwani, lakini kazi nyingi bado naipata kule ziwani, na hiyo ndiyo ninayoijua vizuri kuielezea.

Wasomaji wengi wa huku wakisikia Port Victoria hudhani ndiyo Kisumu. Siyo. Port Victoria ni mji mdogo wa ufukweni katika kaunti ya Busia, upande wa Budalang'i, karibu na mpaka wa Uganda. Lakini wanaochanganya wana sababu, maana miji hii miwili imeunganishwa na hadithi ya reli yetu. Waingereza walipopima njia ya reli kutoka Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1890, walikusudia iishie Port Victoria. Baadaye wakaikata safari, wakaileta kwenye ghuba ya Kisumu, na mahali pale wakapaita Port Florence kwa jina la Florence, mke wa mhandisi wa reli. Reli iliyoanza kwetu mwaka 1896 ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901. Kisumu ikawa jiji, Port Victoria ikabaki na jina lake kubwa na samaki wake. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa, intaneti nayo ikaanzia kwetu ikaelekea bara. Kisumu ilifika vizuri. Port Victoria, nilipoanza kwenda, ilikuwa ukitaka mtandao wa kutegemewa unatoka nje ya chumba, unasimama karibu na barabara, na unainua simu.

Sasa, nani hununua mafunzo? Kisumu ina wateja wa kila aina. Kuna ofisi za kaunti zilizoanza na ugatuzi mwaka 2013. Kuna mashirika mengi ya afya na utafiti, na KEMRI wana kituo kikubwa pale Kisian. Zahanati na hospitali hupeleka ripoti zao kwenye mfumo wa DHIS2, ulioenezwa nchi nzima mwaka 2011, na kila anapohamishwa karani mmoja anahitajika wa kumfundisha anayekuja. Kuna vyama vya akiba na mikopo, maduka ya jumla, shule za binafsi. Na kule ufukweni kuna zile kamati za usimamizi wa fukwe ambazo kila mtu huziita BMU, zenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na vikundi vya kina mama wanaonunua, kuanika na kuuza omena.

Kijana anayetaka kuingia, asinifuate kwa programu nilizozijua mimi. Aangalie wateja wa mahali alipo wanatumia nini. Kule ziwani mimi nilikula kwa tatu: Excel, programu ya hesabu ya QuickBooks, na KoboToolbox, ambayo mashirika huitumia kukusanya takwimu. Hii ya mwisho inapendwa vijijini kwa sababu mtu anajaza fomu kwenye simu bila mtandao, kisha anaituma akishafika penye mtandao. Ukiijua vizuri Excel peke yake, na nasema vizuri, si kuijua ya cheti, una kazi ya mwaka mzima Kisumu.

Jambo la kuelewa mapema ni kwamba katika kazi hii kuna watu watatu, na mara nyingi hawajuani. Yupo anayelipa, ambaye ni shirika au ofisi na pengine mfadhili aliye mbali. Yupo anayekaa mbele yako darasani, ambaye ametumwa. Na yupo atakayeitumia ile programu kila siku, ambaye mara nyingi hakualikwa kabisa kwa sababu siku ya mafunzo alikuwa kazini. Anayelipa hutaka orodha ya waliohudhuria, picha na ripoti. Ukimpa hivyo vitatu, kwake kazi imekwisha. Nilichukua muda mrefu kulijua hili, na gharama yake nitaieleza huko mbele.

Kuhusu ratiba nina la kusema ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha wakufunzi. Ziwa halina maji kupwa na kujaa kama bahari yetu, kwa hiyo nilipofika nilidhani wavuvi wa kule hawafuati mwezi. Kumbe wanaufuata kuliko sisi. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na mitumbwi mingi ya omena hukaa ufukweni. Siku za giza, ukiwaita kina mama darasani saa tatu asubuhi, hawaji, na wakija macho yao yako kwenye nyavu za kuanikia, maana omena wa usiku ule lazima apate jua la asubuhi ile. Mafunzo yangu mawili ya mwanzo yalikuwa na watu sita kati ya ishirini na watano. Mratibu aliwaita wavivu. Mzee mmoja wa BMU ndiye aliyenivuta pembeni, akaniambia niangalie mbinguni kabla ya kupanga tarehe.

Tangu hapo nikawa napanga kazi za Port Victoria kwa kalenda ya Kiislamu. Nilikuwa nalenga tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, zile siku nyeupe ambazo wengi wetu hufunga sunna. Darasa likajaa. Tabu ikawa moja tu: chai ya saa nne ikiletwa na mandazi, mimi ndiye pekee nisiyekula, na kina mama walikuwa na hakika kwamba mwalimu wa Mombasa hakipendi chakula chao. Ilinibidi nieleze kila mara. Mwishowe wakawa wananifungia mandazi kwenye karatasi nikafuturu nayo.

Pia kuna miezi ya kupumzisha omena, ambayo kwa kanuni ni Aprili hadi Julai. Mwanzo nilidhani huo ndio wakati mzuri wa mafunzo kwa kuwa watu wana nafasi. Nafasi wanayo, lakini pesa hawana, na mvua za masika hujaza mto Nzoia mpaka Budalang'i ikaingia maji. Nimewahi kukwama njiani na projekta mapajani kama mtoto mchanga.

Safari yenyewe unaondoka Kisumu, unapita Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, na Bumala unaiacha barabara ya Busia. Beba laptopu mbili, maana moja itakufa. Beba ekstensheni ndefu, na projekta yako mwenyewe ukiweza kuinunua. Programu zote ziwe kwenye flashi, usitegemee kuzipakua huko. Na uchapishe kila somo kwenye karatasi, kwa sababu stima itapotea. Siku stima ilipopotea kutwa nzima nilifundisha Excel kwa kuchora visanduku sakafuni kwa chaki, na watu wakisimama ndani yake wakiwa ndio tarakimu. "Wewe ni gorogoro ishirini, wewe ni bei, sogeeni kwenye kisanduku cha jumla." Wallahi lile ndilo darasa lililoelewa fomula kuliko yote niliyowahi kufundisha, na sikuwa na skrini hata moja.

Suala la lugha linataka nafasi yake. Programu ziko kwa Kiingereza. Kina mama wa Port Victoria huongea Kinyala na wengine Kijaluo, na Kiswahili ndicho tunachokutania. Mtu wa Pwani akifika huko huringa kidogo, adhani Kiswahili ni chake na wenzake wanakiazima. Mimi niliringa, na kikanitia aibu.

Shirika moja liliniomba niitafsiri fomu ya KoboToolbox kwa Kiswahili kabla ya kuwafundisha wakusanyaji. Kulikuwa na swali kama kaya ina mashua. Nikaandika, kwa Kiswahili chetu safi cha baharini: "Je, unamiliki chombo?" Nikaona nimepatia. Wakusanyaji wakaenda. Siku ya tatu takwimu zikaingia, na karibu kila mwanamke wa vijiji vile alikuwa na chombo, wengine sita, wengine kumi na viwili. Mtu wa takwimu aliyekuwa Nairobi alifurahi kwanza, kisha akanipigia. Kwetu chombo ni kitu cha kusafiria baharini. Kule mama akiulizwa vyombo anafikiri sufuria na sahani, na alikuwa amejibu kwa uaminifu kabisa. Siku tatu za kazi ya watu minane zilirudiwa, na siku zangu za kurudia sikulipwa, wala sikudai. Tangu hapo sitafsiri fomu bila kukaa na watu wawili wa mahali hapo wanisomee maswali na waniambie wameelewa nini. Hili liwe kwenye bei yako kama kazi ya siku nzima.

Haya, pesa.

Mkufunzi hupanga bei yake kwa siku. Nimewahi kulipwa shilingi 5,000 kwa siku na nimewahi kulipwa 20,000, kazi ikiwa ile ile na aliyebadilika ni mlipaji. Vijana husikia 15,000 kwa siku wakazidisha kwa siku 22 za kazi wakaanza kuchagua gari. Ngoja tuhesabu. Mafunzo ya siku tatu kwa 15,000 ni 45,000. Mlipaji atakata asilimia 5 na kuipeleka KRA, kwa sababu ada za mafunzo na ushauri zinazofika 24,000 au zaidi kwa mwezi hukatwa kodi kabla hujazishika. Hiyo ni 2,250, zimebaki 42,750. Nauli, malazi ya usiku nne, kuchapisha, bando na chakula, tuseme 13,000. Zimebaki 29,750. Sasa hesabu siku: mbili za kuandaa, mbili za safari, tatu za kufundisha, moja ya ripoti. Ni siku nane. Kila siku umepata shilingi 3,700 na kitu, na bado hujalipa bima ya afya wala hujaweka ya uzeeni. Siku ambazo hukuitwa popote hazimo humo.

Ile asilimia 5 si pesa iliyopotea. Mlipaji akiiwasilisha, cheti chake kinaonekana kwenye akaunti yako ya iTax, na ukijaza ripoti yako ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni unaihesabu kama kodi uliyokwisha kulipa. Lakini ni lazima uifuatilie. Nimekutana na wakufunzi waliokatwa miaka mingi bila kuangalia hata mara moja kama vyeti vyao vimo. Na jambo jipya ni ankara. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi za yule anayekulipa, kwa hiyo ofisi nyingi hazikulipi kabla hujawapa. Jiandikishe mapema, usingoje siku unayodai. Bima nayo, tangu Oktoba 2024 tumehamia SHA, na aliyejiajiri huchangia asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Kuna mlango mmoja ambao wakufunzi wadogo hawaujui. Waajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inayokwenda NITA. Mwajiri akiwapeleka wafanyakazi wake kwenye mafunzo ya mkufunzi aliyesajiliwa na NITA, na akaomba idhini kabla ya mafunzo kuanza, anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Maana yake ukiwa umesajiliwa, wewe ni rahisi kwake kuliko mwenzako asiyesajiliwa, hata kama bei zenu ni sawa. NITA wana vituo Mombasa na Kisumu. Mimi nilichelewa sana kujisajili kwa uvivu tu wa karatasi.

Kulipwa kwa wakati ni kitu kingine. Kazi nyingi haziji moja kwa moja, hupitia kampuni ya kati iliyoshinda zabuni, nayo ikakutafuta wewe. Kampuni moja ya namna hiyo, ambayo siitaji, ilinikalia na ujira wa wiki mbili kwa miezi saba. Kila nikipiga naambiwa mfadhili hajatuma. Nikaja kujua kwa bahati kwamba mfadhili alituma mwezi wa pili. Karo ya wanangu ya muhula ule nilikopa kwa shemeji yangu, na hadi leo tukikutana kwenye harusi hunitania akiniita mdeni wa ziwani. Tangu hapo siendi safari bila malipo ya awali yanayotosha nauli, malazi na angalau theluthi ya ujira, na yaandikwe kwenye barua ya makubaliano pamoja na tarehe ya kumaliza kulipa. Wapo walioniacha kwa sharti hilo.

Halafu kuna riba. Vyama vya akiba na mikopo ni wateja wazuri, wanalipa na wanaita tena, na programu zao kubwa kazi yake ni kukokotoa riba ya mikopo. Mimi Mwislamu ninamfundisha karani mahali pa kubonyeza ili riba ijihesabu yenyewe. Nililibeba jambo hili moyoni muda mrefu. Nikamuuliza ustadhi mmoja Kisumu baada ya swala ya Ijumaa, akanijibu nitafute kazi nyingine kadiri niwezavyo. Mwingine hapa Mombasa akalieleza kwa upole zaidi. Uamuzi wangu ni wangu: nafundisha uwekaji wa akiba, orodha za wanachama na ripoti, na sehemu ya mikopo namwachia mwenzangu na ujira wake. Wateja wengine huona usumbufu wa kulipa watu wawili. Simwambii kijana yeyote afuate njia yangu, namwambia tu swali hili litamfikia, na ni afadhali limkute ameshalifikiri.

Tena, usifundishie data za watu. Ni rahisi mno kufungua orodha halisi ya wanachama kwenye projekta, majina, namba za vitambulisho na madeni, darasa zima likisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana wewe kama inavyombana mwenye ofisi. Tengeneza orodha ya uongo uwe nayo siku zote. Yangu ina wanachama mia mbili, wote wana majina ya samaki. Bwana Changu ana deni kubwa sana.

Nilisema nitaeleza gharama ya kutojua nani atakayeitumia programu. Kilikuwa kikundi cha kina mama wa omena cha Port Victoria. Mfadhili aliwanunulia laptopu na programu ya hesabu, mimi nikaitwa siku tatu. Katibu wao alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne, mwepesi wa kushika, na kwa kuwa alikuwa mwepesi nikamfundisha yeye. Wengine wakatazama. Mweka hazina, mama wa makamo, alikaa nyuma na daftari lake mapajani, na sikumwomba hata siku moja anionyeshe kilichomo. Vyeti vikatolewa, picha zikapigwa, ripoti nikaandika kwamba kikundi sasa kinaweka hesabu kwa kompyuta. Nililipwa vizuri na kwa wakati.

Baada ya miezi mitano nikapita pale kwa kazi nyingine, nikaenda kuwasalimu. Binti alikuwa amepata kazi Nairobi. Laptopu ilikuwa ndani ya sanduku, imefungwa kwa leso ili isiingie vumbi la omena. Mweka hazina alinikaribisha vizuri mno, na hapo ndipo nilipomwomba daftari.

Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza jina la mvuvi, ya pili gorogoro alizoleta, ya tatu alizolipwa, ya nne anazodai. Ukurasa wa pili ulikuwa wa wanunuzi wa Kisumu na Nairobi, nani amechukua kwa deni na ameahidi kulipa siku gani, na alama ndogo ya msalaba kwa asiyeaminika. Kila alichohitaji kujua asubuhi kabla ya kuteremka ufukweni kilikuwa pale. Nikamuuliza, bila kujitetea, mbona hawakuendelea na mashine.

"Mwalimu," akaniambia, "ile mashine ilikuwa inaniuliza vitu ambavyo sina haja navyo, na haikuniuliza nani ana deni langu."

Nilirudi Kisumu siku ile nikiwa kimya garini. Niliifungua tena ripoti yangu na kuisoma. Hakukuwa na uongo ndani yake kwa maana ya siku ile iliyoandikwa. Lakini pesa za mfadhili zilikuwa zimenunua laptopu ya kufungwa leso, na mimi nilikuwa nimetia sahihi.

Kuanzia hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Siku ya kwanza siwashi kompyuta. Naomba daftari. Ninachokitengeneza kwenye Excel kinafanana na daftari lile safu kwa safu, kwa maneno yale yale, na alama ya msalaba ikiwemo. Nafundisha wawili kwa kila kikundi, mmoja awe yule anayeshika daftari hata kama hajawahi kugusa kipanya, na wa pili kijana. Na ndani ya bei naweka safari ya kurudi baada ya mwezi mmoja. Hiyo safari ya kurudi ndiyo inayokatwa kwanza kila ninapopeleka makadirio. Huambiwa bajeti haina nafasi. Mara nyingine nakubali kupunguza ujira wa siku ili ibaki, mara nyingine nakwenda kwa nauli yangu, na mara nyingine, sitaki kudanganya, siendi.

Na kuna kazi niliikosa. Shirika moja lilitaka vikundi kumi vya ufukweni vifundishwe programu ya kulipia kila mwezi, inayotaka mtandao muda wote. Nilizunguka vyote kumi, nikaandika kwamba vikundi saba havina haja nayo na vitashindwa kuilipia mfadhili akiondoka, na kwamba daftari pamoja na Excel vinawatosha. Walinishukuru kwa barua nzuri. Mwezi uliofuata nikasikia wamempata mkufunzi mwingine. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu, na mwaka ule ulikuwa mgumu. Mke wangu aliniuliza kama sikuweza kuandika vikundi vinne badala ya saba. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sijalipata bado.

Kwa kikundi kile cha kwanza nilirudi mara tatu bila malipo ya mtu. Mweka hazina alikuwa mzito wa kipanya, kidole kikimtetemeka, na alikuwa akiizima laptopu kwa kufunika kifuniko kama sanduku la nguo. Daftari lake hakuliacha, na sikumwambia aliache. Aliandika kote kuwili.

Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, nikiwa nyumbani Mombasa ndiyo kwanza nimetoka tarawehe, simu ikalia. Ni yeye, na sauti ilikuwa ya hofu.

"Mwalimu, pesa zangu zimegeuka reli."

Nikamwambia anisomee anachokiona. Kwenye safu ya jumla, akasema, hakuna tarakimu tena, kuna vijiti vimelala juu ya vijiti, kuanzia upande huu hadi huu. Nikaelewa. Jumla ya msimu ilikuwa imekuwa ndefu kuliko kisanduku, na Excel ikikosa nafasi huonyesha alama zile. Nikamwelekeza aushike ukingo wa safu juu kabisa, auvute kulia pole pole.

Kimya kidogo. Nikasikia mtu mwingine pembeni yake, sauti ya kijana, akimwambia, "Bado, mama, vuta tena."

"Zimerudi," akasema. Akanisomea jumla yote, tarakimu moja moja, kisha salio la simu likamwishia.